Mikononi mwa Mmiliki wa Pili

Mwaka 1972 shule moja ya sekondari katika mji wa Victoria, jimbo la Texas, iliamua kuondoa gari kuukuu lililokuwa likichukua nafasi katika karakana ya wanafunzi wa ufundi. Lilikuwa zawadi ya tajiri mmoja wa mafuta mwenye timu ya mashindano, aliyelitoa baada ya kuona limeshapitwa na wakati. Shule ikaliuza kwa dola 6,500. Aliyelinunua akaliweka nje, juu ya trela, likakaa hapo miaka zaidi ya kumi likipigwa na jua na mvua, huku nyasi zikiota kati ya magurudumu.

Gari hilo lilikuwa Ferrari 250 GTO. Kati ya mwaka 1962 na 1964 yalitengenezwa 36 tu. Yalipokuwa mapya huko Marekani bei yake ilikuwa kama dola 18,000, na fedha peke yake hazikutosha, kwani Enzo Ferrari mwenyewe alitaka kujua ni nani anayenunua. Mwaka 2018 moja kati ya hayo 36 liliuzwa mnadani California kwa dola milioni 48.4. Mwaka 2023 jingine likafika dola milioni 51.7 jijini New York. Kwa hiyo ile shule ya Texas ni miongoni mwa waliowahi kuuza gari la kasi lililotumika kwa bei duni kabisa, ukipima na lilivyokuja kuwa baadaye.

Orodha za magari yanayoongoza huandikwa kwa hesabu za kiwandani: nguvu za farasi, mwendo wa juu, sekunde za kutoka sifuri hadi mia. Hizo ni rekodi za gari jipya, na gari jipya la namna hiyo wengi wetu hatutaligusa. Rekodi ninazozipenda mimi ni zile zinazoanza siku mmiliki wa kwanza anapochoka, anapofilisika, anapozaa watoto au anapoona rangi mpya dukani. Hapo ndipo gari linapoonyesha limetengenezwa kwa kitu gani, na mnunuzi naye anaonyesha ni mtu wa namna gani.

Ghali kuliko yote

Hili tulimalize haraka, maana limezungumzwa sana. Tarehe 5 Mei 2022, ndani ya jumba la makumbusho la Mercedes-Benz mjini Stuttgart, liliuzwa gari la mwaka 1955 liitwalo 300 SLR Uhlenhaut Coupé. Bei ilikuwa euro milioni 135. Hakuna gari lililowahi kufikia hapo mnadani kabla ya siku hiyo. Yapo mawili tu duniani, na moja kiwanda kimebaki nalo. Mapato ya mauzo yalipelekwa kwenye mfuko wa kusomesha vijana.

Kinachonifurahisha katika habari hii si bei bali Rudolf Uhlenhaut mwenyewe, mhandisi aliyelisanifu. Mpango wa kulipeleka mashindanoni ulipofutwa, baada ya ajali kubwa ya Le Mans ya mwaka 1955, alilichukua likawa gari lake la kazi. Akawa anakwenda nalo ofisini na mikutanoni katika barabara kuu za Ujerumani, gari linaloweza kukaribia kilomita 290 kwa saa, lenye bomba la moshi lililotokea ubavuni. Gari ghali kuliko yote duniani liliwahi kuwa gari la ofisi, tena lenye kelele.

Mtumba uliofaulu kuliko yote Afrika Mashariki

Kwetu rekodi hii ni ya Joginder Singh, na sioni mpinzani.

Safari Rally ilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na kwa miaka mingi njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, baadaye Tanzania. Yalikuwa mashindano ya Pasaka, msimu wa masika, barabara zikiwa tope la kumeza ekseli. Viwanda vya Ulaya vilileta madereva wao na magari yao, na mara nyingi vilirudi kwao vikiwa vimenyamaza.

Mwaka 1964 Volvo walileta magari aina ya PV544, lile lenye mgongo wa mviringo. Moja alipewa Tom Trana, Mswidi aliyekuwa miongoni mwa madereva bora wa Ulaya wakati huo. Safari haikumwendea vizuri. Gari likabaki huku, limetumika, limegongwagongwa. Aliyelichukua ni Joginder, fundi, mtoto wa mwenye gereji, aliyezaliwa Kericho. Mwaka uliofuata, 1965, akaingia nalo mashindanoni akiwa na mdogo wake Jaswant kama msoma ramani, wakaondoka wa kwanza wakiwa na namba 1 mlangoni, na wakarudi wa kwanza. Aliyewafuata aliachwa kwa saa 1 na dakika 40.

Saa nzima na dakika 40! Siku hizi washindi wa mashindano ya magari hutenganishwa kwa sekunde, na wakati mwingine kwa sehemu ya kumi ya sekunde.

Wapo wanaoisimulia habari hii kama muujiza. Mimi naiona kama habari ya gereji. Gari la kiwanda linakuja limeandaliwa na watu ambao hawajawahi kuona barabara ya Afrika Mashariki wakati wa masika. Gari lilelile likiingia mikononi mwa fundi anayejua ni boliti ipi hulegea kwanza katika barabara mbovu, na ni wapi jiwe hupiga tangi la mafuta, linakuwa gari jingine. Mmiliki wa pili alikuwa na kitu ambacho wa kwanza hakuwa nacho: orodha ya vilivyovunjika mwaka uliopita. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Lancer, na watu wa Kenya wakampa jina la Simba. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, alishinda Safari mara tano, zote akiwa na Datsun. Lakini hata Mehta hakushinda kwa gari ambalo wenyewe waliolitengeneza walikuwa wameshindwa nalo.

Na tukiwa bado Safari: mwaka 1993 Patrick Njiru alimaliza mashindano akiwa na Subaru Vivio, kigari chenye injini isiyofika cc 700, ndogo kuliko ya pikipiki nyingi kubwa. Dereva Colin McRae naye alipewa Vivio mwaka huohuo, akaenda kwa kasi ya ajabu mpaka gari likakata tamaa. Njiru aliifahamu njia, akaifahamu na mashine yake, akafika.

Lililosafiri mbali kuliko yote

Hapa lazima niseme ukweli: mwenye rekodi hii hakununua gari lililotumika. Mwaka 1966 Irv Gordon, mwalimu wa sayansi wa Long Island, New York, alinunua Volvo P1800 jipya, jekundu, kigari cha michezo cha milango miwili. Akalipenda kiasi kwamba wikendi ya kwanza ilipoisha alikuwa ameshaendesha maili 1,500. Kazini kwake na kurudi ilikuwa maili 125 kwa siku. Septemba 2013, huko Alaska, mita ikapita maili milioni 3, yaani zaidi ya kilomita milioni 4.8. Guinness wanamtambua kama mtu aliyeendesha gari moja, la mmiliki yuleyule, kwa umbali mrefu kuliko mwingine yeyote. Alifariki mwaka 2018 akiwa ameshapita maili milioni 3.2.

Nimemweka hapa kwa sababu kila anayenunua gari la kasi lililotumika huuliza swali la kwanza lilelile: limetembea kilomita ngapi? Gordon aliivunja maana ya swali hilo. Injini yake ilifunguliwa na kukarabatiwa kwa mara ya kwanza ikiwa na maili 680,000. Alibadilisha oili kabla ya wakati, akaweka vipuri halisi, akafuata kitabu cha mwongozo neno kwa neno, na hakumwachia mtu mwingine kusikiliza sauti za gari lake. Ukiletewa magari mawili, moja la kilomita 60,000 lisilo na hata risiti moja ya oili, na jingine la kilomita 180,000 lenye daftari la huduma lililochafuka kwa vidole vya mafundi, nunua la daftari chafu. Madalali watakwambia kinyume, kwa sababu kilomita chache ni rahisi kuuza. Ni rahisi pia kurudisha nyuma.

Lililogongwa kwa hasara kubwa, likauzwa kwa faida kubwa

McLaren F1 lilitengenezwa kwa idadi ya magari 106 tu, kuanzia mwaka 1992. Dereva anakaa katikati, abiria wawili nyuma yake kushoto na kulia. Sehemu ya injini imefunikwa kwa dhahabu halisi, si kwa majigambo bali kwa sababu dhahabu hurudisha joto. Mwaka 1998 lilifika kilomita 386 kwa saa, na kwa miaka kadhaa hakuna gari la barabarani lililolifikia.

Rowan Atkinson, ambaye nusu ya dunia inamwita Mr. Bean, alilinunua la kwake mwaka 1997. Mwaka 1999 akaligonga nyuma ya gari dogo la Austin Metro. Likatengenezwa. Agosti 2011, katika barabara yenye unyevunyevu huko Cambridgeshire, likamponyoka, likapiga mti na kibao cha barabarani, likawaka moto. Aliumia bega. Kampuni ya bima ililipa pauni 910,000 kulitengeneza, malipo ambayo yaliripotiwa kuwa makubwa kuliko yote yaliyowahi kutolewa Uingereza kwa matengenezo ya gari moja. Kazi ilichukua zaidi ya mwaka.

Mwaka 2015 akaliuza. Lilikuwa limetembea zaidi ya maili 40,000, limegongwa mara mbili, limeungua. Bei: pauni milioni 8. Alilinunua kwa sehemu ndogo tu ya hiyo.

Upande wa pili wa mizani hiyohiyo, Agosti 2021 huko Pebble Beach, California, liliuzwa McLaren F1 jingine ambalo kwa zaidi ya miaka 20 lilikuwa limetembea maili 242 tu. Hiyo ni chini ya kilomita 390. Hata Dar es Salaam hadi Dodoma halijafika. Likachukuliwa kwa dola milioni 20.5. Kwa hesabu ya benki huyu ndiye aliyefanya vizuri. Kwa hesabu yangu mtu wa pauni milioni 8 alikula mara mbili: aliliendesha kwenda dukani, akaliendesha kwenye mvua, akaliharibu, akalipata tena.

Linalokula fedha kuliko yote

Bugatti Veyron, magari 450, injini ya silinda 16 na turbo nne, rejeta kumi. Kwa mwendo wake wa juu linamaliza tangi la mafuta kwa kama dakika 12, na hiyo ni bahati, kwa sababu matairi yake, yaliyotengenezwa maalumu na Michelin, yanatajwa kuhimili kasi hiyo dakika 15 tu. Seti moja ya matairi imekuwa ikitajwa kwa bei ya makumi ya maelfu ya dola. Anayelinunua likiwa limetumika anapunguziwa bei ya gari, lakini tairi halimpunguzii mtu kwa kuwa yeye ni mmiliki wa tatu.

Kanuni hiyo haiko kwa Bugatti peke yake. BMW M5 ya mwaka 2005 hadi 2010 ina injini ya silinda 10, nguvu za farasi 507, inayozunguka hadi mara 8,250 kwa dakika, sauti ambayo hutaisikia tena kwenye gari la milango minne. Leo ni miongoni mwa njia za bei nafuu kabisa za kumiliki silinda kumi. Na sababu ya unafuu ipo. Beringi za konrodi huisha mapema, na wanaozijua injini hizi huzibadilisha kabla hazijalalamika, kama mtu anavyobadilisha taiming belti. Pampu ya haidroliki ya giaboksi huchoka. Oili ni ile nzito ya 10W-60, si ya kuokota popote. Vijana wengi hulinunua kwa akiba yote waliyo nayo, na hapo ndipo kosa lilipo: gari lililouzwa jipya kwa bei ya juu linaendelea kudai vipuri vya bei hiyohiyo hata likishafika bei ya Toyota Noah. Ukiwa na fedha ya kulinunua tu, huna fedha ya kulimiliki. Acha theluthi ya bajeti mfukoni, au chukua kitu kidogo zaidi.

Kidogo zaidi kipo, kwa wanaotaka kujua. Mazda MX-5 ndiyo inayoshikilia rekodi ya gari la michezo la viti viwili lenye paa la kufunuliwa lililouzwa zaidi duniani. La milioni moja lilitoka kiwandani Aprili 2016. Ni jepesi, injini ndogo, mafundi hawaliogopi. Huku kwetu huonekana kwa nadra, na sababu si siri. Gari lenye viti viwili, Jumamosi shangazi ana harusi, utambebea wapi?

Yaliyopanda bei kwa sababu ya sheria

Tangu mwaka 1989 hadi 2004 viwanda vya Japani vilikuwa na makubaliano yasiyo ya kisheria kwamba gari la kuuzwa nchini humo halitatangazwa kuwa na nguvu zaidi ya farasi 280. Kwenye karatasi, basi, Nissan Skyline GT-R, Toyota Supra, Mitsubishi Lancer Evolution na Subaru Impreza WRX STI zote zikawa na 280 au karibu na hapo. Kwenye mashine ya kupima ilikuwa habari nyingine. Skyline nyingi zilitoka kiwandani na zaidi ya 300, na kila mtu alilijua hilo huku akitazama pembeni. Matokeo yake wahandisi, waliokatazwa kujisifu kwa farasi, waliweka akili zao kwenye mifumo ya magurudumu manne, usukani, breki na vyuma vya injini vilivyoweza kubeba mara mbili ya nguvu iliyotangazwa. Ndiyo maana yakitumika hayakufa mapema, na ndiyo maana vijana wa dunia nzima bado wanayatafuta.

Subaru Impreza 22B ni kilele cha kundi hilo. Mwaka 1998 Subaru walitengeneza 400 kwa ajili ya Japani, kusherehekea miaka 40 ya magari yao na mataji matatu mfululizo ya ubingwa wa dunia wa rally. Yakaisha sokoni ndani ya muda mfupi sana. Machache zaidi yakaenda Uingereza na Australia, jumla ikawa 424 pamoja na ya majaribio. Leo 22B lililotunzwa limekwisha kupita dola 300,000 mnadani, Subaru yenye vioo na swichi zilezile utakazozikuta kwenye Impreza ya mwalimu wa Moshi.

Skyline GT-R ya umbo la R34 imefika mbali zaidi. Moja ambayo Paul Walker aliiendesha kwenye filamu ya nne ya Fast & Furious iliuzwa na Bonhams mwaka 2023 kwa dola milioni 1.357. Hollywood ilichangia, lakini sheria ya Marekani ilichangia pia. Huko gari ambalo halikutengenezwa kwa viwango vyao haliruhusiwi kuingia mpaka litimize miaka 25. R34 za kwanza ni za mwaka 1999, kwa hiyo mlango ulifunguliwa 2024, na bei zikaanza kupanda miaka kadhaa kabla, watu wakiyanunua na kuyaficha yasubiri siku ya kuzaliwa.

Sasa linganisha na kwetu. Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingia likiwa limepita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Uganda, tangu mwaka 2018, mwisho ni miaka 15. Tanzania mlango uko wazi, ila gari likishapita miaka 8 linatozwa ushuru wa ziada wa uchakavu, na mzigo huongezeka likizidi 10. Hivyo Mmarekani anasubiri gari lizeeke ndipo alipate, na Mkenya anakimbizana nalo kabla halijazeeka. Lancer Evolution ya mwisho ilitoka kiwandani katikati ya muongo uliopita. Maana yake kwa Nairobi ni kwamba Evo zilizopo ndizo zilizopo. Hakuna nyingine itakayoshuka bandarini Mombasa kihalali ikiwa imetumika. Kila moja inayoishia kwenye nguzo ya Thika Road ni moja iliyopungua. Bei ya zilizobaki, kama zimetunzwa, inaelekea juu, jambo ambalo wauza magari wa kawaida hawajazoea kulieleza.

Yanayopatikana, na namna ya kuyatazama

Gari la kasi lililotumika linaloonekana zaidi katika barabara zetu ni Subaru yenye turbo: Impreza WRX, Legacy GT, Forester XT. Nyingi zilitoka Japani kwa njia ya mnada. Huko gari hukaguliwa na serikali likiwa na miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, kwa gharama inayowafanya wenyeji waliache likiwa bado zima. Kampuni ya USS ndiyo yenye minada mikubwa zaidi nchini humo; wa kwake wa Tokyo hufanyika kila Alhamisi, na maelfu ya magari hupita kwenye skrini kwa sekunde chache kila moja.

Kila gari lina karatasi ya mnada, na hiyo ndiyo hati ya thamani kuliko zote utakazopewa. Juu kuna daraja. Nne na nusu ni zuri sana, tatu na nusu lina makovu, na herufi R maana yake limepata ajali likatengenezwa. Pembeni kuna herufi ya hali ya ndani. Chini umechorwa mchoro wa gari likiwa limefunuliwa kama samaki, na juu yake mkaguzi ameandika alama kwa mkono: A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa kabisa. Gari la familia lenye W mlangoni si neno. Gari la turbo lenye XX kwenye boneti na bampa ya mbele limewahi kugonga kwa mbele, na huko mbele ndiko kunakokaa rejeta na injini yenyewe. Muuzaji wa yadi akikwambia karatasi imepotea, muulize namba ya chesisi na umtafute mtu wa kuifuatilia, au aga.

Lililokwisha kaa nchini ni kazi nyingine. Tanzania watu huangalia kwanza herufi ya namba ya usajili, namba D, namba E, kana kwamba herufi inaonyesha afya. Inaonyesha tarehe ya kuingia tu. Kwa Subaru ya turbo maswali ni machache na yanajulikana. Taiming belti ilibadilishwa lini? Ikikatika, valvu zinakutana na pistoni, na hesabu inageuka ya injini nzima. Gasketi za silinda hedi? Fungua tangi la akiba la maji injini ikiwa inanguruma. Mapovu yasiyokoma ni jibu. Moshi wa bluu wakati wa kuachia mafuta ni oili inayoungua, huenda turbo, huenda ringi za pistoni. Na oili hukaguliwa kila ukijaza mafuta, si kila mwezi, kwa sababu turbo na beringi hazivumilii kina kidogo. Injini nyingi za aina hii zilizokufa Afrika Mashariki zilikufa kwa kiu.

Mengine yanasikika. Subaru ya umri ikiwashwa asubuhi inaweza kutoa mlio wa kugongagonga, mkavu, mwepesi, unaopotea kadiri joto linavyopanda. Huo mara nyingi ni pistoni iliyolegea kidogo kwenye silinda, na unaweza kuishi nao miaka. Mlio mwingine ni mzito, unatoka chini, unazidi injini ikipata moto na ukikanyaga mafuta. Hiyo ni beringi ya konrodi, na gari hilo usilinunue hata ukipewa na jenereta juu. Tofauti ya milio hiyo miwili huisikii kwenye injini iliyokwisha kuungurumishwa nusu saa. Ukifika ukakuta boneti ni ya moto, mshukuru muuzaji kwa soda, mwambie utarudi kesho saa kumi na mbili asubuhi, na ufike saa kumi na moja na nusu.